“Kodi ni ya Mjerumani, hela ni karatasi tu”: yanayosemwa sokoni na yalivyo

Ukikaa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au kwenye yadi za mbao Mafinga, utasikia maneno yaleyale: kodi ni mabaki ya ukoloni, TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wanajipangia, Benki Kuu inachapa hela inavyotaka. Kuwa na shaka si kosa. Ila shaka hiyo mara nyingi inapiga pasipo, na anayeumia ni mwenye kibanda.

Dhana: Kodi haina uhalali, ni ya kikoloni.

Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza 1897, ilikusanywa bila mlipaji kuulizwa, kwa hiyo chuki ya wazee ina msingi. Kodi ya maendeleo, iliyodaiwa kichwa kwa kichwa, ilifutwa 2003. Kodi ya leo inasimama kwenye Ibara ya 138 ya Katiba: haitozwi kodi yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge. TRA, iliyoanza kazi Julai 1996, ni mkusanyaji; viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Tozo ya miamala ya simu ilipita njia hiyohiyo: ikaanza Julai 2021, watu wakapiga kelele, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Basi anayekudai muulize anatumia sheria gani. Akitaka hela mkononi bila namba ya malipo ya serikali, hapo shaka yako iko mahali pake.

Dhana: Afisa akishakadiria, imekwisha.

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Chukua kodi ya mapato ya mfanyabiashara mdogo, inayokadiriwa kwa mauzo: duka linauza milioni 9 kwa mwaka, kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2022. Mwenye kumbukumbu za mauzo analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 60,000, jumla 150,000. Asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Laki nzima imekwenda kwa kukosa daftari! Kwa viwango hivyo, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayalipi kodi hii, na kuanzia milioni 11 hadi 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo, pamoja na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kielektroniki.

Daftari lijazwe kila jioni: tarehe, bidhaa, idadi, bei, jumla. Linaloharibu ni kujaza mwezi mzima kwa usiku mmoja, kalamu moja, namba zote za kuishia na sifuri tatu, kisha risiti za manunuzi zinaonyesha mzigo mkubwa kuliko mauzo yenyewe. Daftari la namna hiyo halimshawishi mtu.

Ukiona kadirio si sahihi, kulalamika kaunta hakutoshi. Andika pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu upokee kadirio, eleza sababu, ambatisha vielelezo. Unatakiwa kulipa kwanza kiasi usichobishia au theluthi moja ya kadirio, chochote kilicho kikubwa; ukiwa na sababu nzito unaweza kuomba upunguziwe. Ukishindwa, ipo Bodi ya Rufani za Kodi. Theluthi hiyo ni mzigo kwa mtaji mdogo, na tunaona wanaoilalamikia wana hoja.

Dhana: Sina TIN (namba ya mlipakodi), kwa hiyo silipi kodi.

Kodi nyingine imo ndani ya bei. Bidhaa yenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 ukiinunua kwa 11,800, umelipa kodi ya 1,800. (Gawanya kwa 118, zidisha kwa 18, wengi hupiga asilimia 18 ya 11,800 na kupata jibu kubwa mno.)

Dhana: Noti lazima iwe na dhahabu nyuma yake.

Hata shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki iliegemea pauni ya Uingereza. Benki Kuu ilifunguliwa 1966, na noti zake ni halali kwa sababu sheria inasema hivyo. Sheria hiyohiyo inaweza kuziondoa: noti za 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya 2010, zilipewa muda wa kubadilishwa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025.

Dhana: Hela zote hutoka mtambo wa Benki Kuu.

Sehemu kubwa haijawahi kuwa karatasi. Mfanyabiashara wa mbao akikopeshwa milioni 10, benki haichoti kwenye akaunti ya mteja mwingine. Inaandika milioni 10 kwenye akaunti yake, na hiyo ni hela mpya. Anaporejesha, deni na hela hiyo vinafutika pamoja; riba ndiyo inayobaki kama mapato ya benki. Haiwezi kuandika bila kikomo: lazima iwe na mtaji, iweke sehemu ya amana Benki Kuu, na iwe na taslimu mteja akija kutoa. Riba ya Benki Kuu, iliyoanza Januari 2024 kwa asilimia 5.5, huongeza au kupunguza gharama ya mchezo huo.

Hela ya simu ni jambo jingine. Wakala wa Uyole akikuwekea 50,000, hajaumba chochote: kampuni ya simu inatakiwa kuwa na kiasi kilekile cha salio la wateja kwenye akaunti maalumu ya udhamini benki, na hairuhusiwi kukikopesha.