Ghala halikaushi mahindi

"Bwana shamba, serikali itujengee ghala, upotevu utakwisha." Nimeambiwa hivyo tena juzi, kwenye mkutano wa kijiji huku Kongwa. Kila msimu nayasikia maneno haya, na kila msimu yananiuma.

Baada ya mkutano, mzee aliyeyasema alinipeleka kwake kuona akiba yake. Nilifungua gunia, nikatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nafaka kavu haina joto hilo. Ni ukungu na wadudu wanaopumua humo. Yapeleke mahindi hayo kwenye ghala zuri kuliko yote Dodoma, yatazidi kuoza, tena yataharibu na ya jirani.

Ukweli ni kwamba Mkakati wa Taifa wa Usimamizi wa Mazao Baada ya Kuvuna, wa 2019 hadi 2029, si mkakati wa maghala peke yake. Unaanzia shambani, unagusa elimu, zana, hifadhi na masoko. Serikali ina wajibu wake, na mimi ni wa kwanza kuidai. Lakini NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, hununua sehemu tu ya mavuno, na haipokei mahindi yasiyokauka. Chakula kingi cha mkoa huu kinalala nyumbani kwetu. Kwa hiyo anika juu ya turubai, si juu ya udongo, na usipukuchue kwa kupiga magunia kwa fimbo: punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu.

"Yameshakauka, nimeyatafuna." Meno si kipimo. Tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, funga, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kuta, rudisha juani. Isiponata, bado hujathibitisha kwamba yanafaa kufungiwa. Kwa mfuko usiopitisha hewa tunataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na chumvi haiwezi kukuonyesha hilo.

"Dawa ya unga inaua sumukuvu." Hapana. Inaua wadudu, dumuzi na fukusi; sumukuvu ni sumu inayotokana na ukungu.

"Ukipika ugali sumu inaisha." Haiishi, moto wa jikoni hauitoshi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa Dodoma na Manyara, na walikuwa wamekipika chakula chao.

Kipima unyevu ninacho. Kabla hujafunga mifuko, niletee kopo moja la mahindi tuyapime.