Mageuko si mageuzi, na Zinjanthropus si babu yetu

Kuhusu mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, kuna kauli tunazozisikia kila siku ambazo si sahihi. Nianze na hii: "Mageuzi na mageuko ni kitu kimoja." Wengi huyachanganya na wanaeleweka, lakini mimi nang'ang'ania tofauti. Mageuzi yametokana na kugeuza, na penye kugeuza pana mgeuzaji. Ndiyo maana neno limekaa vizuri kwenye siasa: vyama vingi viliporuhusiwa Tanzania mwaka 1992, chama cha NCCR-Mageuzi kikalibeba kwenye jina lake, na hakuna aliyeuliza nani anataka kugeuza nini. Mageuko ni ya kugeuka, hayana dereva. Ukisema "mageuzi ya viumbe", msikilizaji anaanza kumtafuta aliyekaa kwenye usukani.

"Mnyama hugeuka ili ayaweze mazingira." Hii ndiyo inayopotosha zaidi. Kinyonga akibadilisha rangi, hayo si mageuko. Kesho ni kinyonga yuleyule. Tazama mbu. Kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, mkoani Kilimanjaro, watafiti wamewakuta mbu wa malaria wenye usugu dhidi ya pairethroidi, dawa za jamii ileile inayotiwa kwenye vyandarua. Hakuna mbu aliyejikaza akazoea sumu. Katika kundi walikuwepo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuihimili. Dawa ikawamaliza wenzao, wao wakabaki wakazaa, na watoto wakarithi. Kilichogeuka ni kundi. Na kwa kuwa kizazi cha mbu huchukua majuma machache tu, usugu unaweza kuenea tukiwa tunatazama. Kwa hiyo hilo "polepole" la mageuko lihesabu kwa vizazi, usilihesabu kwa miaka.

"Kugeuka ni kuendelea mbele." Kuna samaki wa mapangoni waliopoteza macho kabisa. Gizani macho hayana kazi. Basi.

"Binadamu ametokana na nyani." Mtoto wa shule akiuliza mbona nyani wa Manyara hawageuki wakawa watu, asichekwe, swali lake ni zuri, ila limejengwa juu ya kosa la wakubwa. Nyani si mzazi wetu. Hata sokwe, aliye karibu nasi zaidi, ni binamu: sisi na yeye tuna mhenga mmoja aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, na kila ukoo ukashika njia yake.

Kosa hilohilo linamfuata Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Mary Leakey alilipata fuvu lake Olduvai, mkoani Arusha, mwaka 1959, nalo lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Tangu hapo watu humwita babu wa binadamu. Ukisimama mbele ya nakala ya fuvu hilo, angalia magego: mapana kupita kiasi, na utosini pana ukingo wa mfupa ulioshikilia misuli ya kutafuna. Wataalamu wanamweka kwenye tawi la pembeni la zamadamu, yaani ukoo wa kale wa binadamu na jamaa zake. Aliishi Olduvai zama zilezile na Homo habilis, zamadamu mwingine, na ukoo wake ukaishia njiani bila kuacha mjukuu.