Diski haijafa, imegoma tu

Jumatatu, katika ile baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, mama mmoja mpiga picha za harusi kutoka Uyole aliniletea diski ya nje ya terabaiti 1, kaiviringisha kwenye kitenge kama kichanga. "Fundi, kuna kijana ameniambia hii ni ya kuformati tu," yaani kufuta vyote vilivyomo. Ndani mna harusi nne ambazo wenyewe bado hawajakabidhiwa picha.

Kompyuta yangu ya kazi ni Linux. Nikachomeka, nikaandika `lsblk -f`. Huwa naanzia hapo, maana unajua kwa mpigo mmoja kama diski inaonekana na kama partishini yake, yaani sehemu inayohifadhi mafaili, inatambulika. Ikatokea `sdb1`, ntfs (mpangilio wa mafaili wa Windows), na jina aliloipa mama mwenyewe. Diski iliyokufa kabisa haijitambulishi hivyo.

Nikajaribu kuimaunti, yaani kuifungua ili mafaili yasomeke, kwa `sudo mount -t ntfs3 /dev/sdb1 /mnt`, nikapewa jibu hili: `wrong fs type, bad option, bad superblock`. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Wakiona "bad superblock" tu, mkono unakimbilia kuformati. Lakini ujumbe huo ni wa jumla mno, sawa na mtu wa mapokezi kukwambia mgonjwa hajisikii vizuri. Ugonjwa wenyewe unausoma kwa `sudo dmesg | tail`, na mimi nikakuta kerneli, kiini cha Linux, imeshaandika: `volume is dirty and "force" flag is not set`.

Yaani mara ya mwisho diski haikuachiwa vizuri. Kumuuliza mama, akakumbuka umeme ulikatika akiwa katikati ya kuhamisha picha, na hana UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. NTFS hubaki na alama ya uchafu, na dreva ya ntfs3, programu ya Linux ya kusoma NTFS iliyoingia kwenye kerneli 5.15 mwaka 2021, ikiiona alama hiyo inakataa kumaunti kwa kuandika. Wapo wanaoilaumu kwa ukali huo. Mimi naishukuru. Hata Windows yenye Fast Startup (mpangilio wa kuwaka haraka) huleta mgomo unaofanana na huu, kwa sababu ukiizima haizimiki kabisa. Zima huku umeshikilia Shift.

Kuna `-o force` ya kuilazimisha, lakini siigusi kabla ya kunakili. Nilimaunti kwa kusoma tu:

`sudo mount -t ntfs3 -o ro /dev/sdb1 /mnt`

Ikafunguka. Bibi harusi wa kwanza alikuwa anakata keki. Nikanakili kila kitu kwenye diski nyingine, kisha nikaipeleka ya mama kwenye Windows na kuendesha `chkdsk /f`, inayokagua diski na kurekebisha makosa. Ipo pia `ntfsfix -d`, ila hiyo inafuta alama bila ukarabati wa maana. Ni kufagia mlangoni huku chumbani kumejaa takataka. Na kama dmesg ingetaja `I/O error`, yaani kosa la kusoma au kuandika, ningebadilisha waya kwanza, maana waya za USB za bei poa zimeshanidanganya mara nyingi.

Jambo jingine dogo: ukiweka diski kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kumaunti mashine inapowaka, andika UUID (namba ya utambulisho wa partishini) unayoipata kwa `blkid`, usiandike `/dev/sdb1`, na uongeze `nofail`, ili mashine iwake hata diski isipokuwepo. Mimi sikufanya hivyo mwaka fulani. Diski ikawa haijachomekwa, mashine ikakataa kuwaka mpaka nikaingia kwa hali ya dharura, wateja watatu wakinitazama.

Jioni mama alipitia, akafungua folda moja moja, akahesabu harusi zake. "Ndaga fijo, fundi," asante sana kwa Kinyakyusa. Nikamtajia UPS. Akasema mpaka amalizane na harusi za Agosti.