Je, wajua kwa nini daktari wa meno huwasha taa ya buluu anapoziba mifereji ya magego?

Magego ya kwanza ya kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, na wazazi wengi hawatambui kwamba yameshatoka. Sehemu yake ya kutafunia ina mifereji, mingine myembamba kiasi kwamba unywele wa mswaki hauingii. Humo ndimo meno ya watoto wengi huanza kuoza. Kwa hiyo daktari huijaza mifereji hiyo kwa resini, plastiki iliyo bado majimaji, kisha huimulika kwa taa ya buluu. Baada ya sekunde 20 hivi imekuwa ngumu.

Wengi hudhani taa imeikausha kwa joto. Sivyo, hakuna kinachokauka pale. Kazi yote inafanywa na rangi ya mwanga.

Ndani ya resini mna kiasi kidogo cha kemikali ya manjano iitwayo kamforakwinoni. Hiyo hufyonza mwanga vizuri zaidi kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 468 hivi, ambao kwa macho yetu ni buluu. Ikishaufyonza, hushirikiana na kemikali nyingine ya jamii ya amini kuzaa radikali huru, chembe zisizotulia mpaka zishikane na kitu. Radikali huifungua molekuli ya kwanza ya resini, hiyo nayo huidaka ya pili, ya pili huidaka ya tatu, hadi zote zimefumana kama wavu. Ukimulika kwa taa nyekundu, hata iwe kali namna gani, resini itabaki majimaji.

Ndiyo maana pia daktari na msaidizi wake huvaa miwani ya rangi ya chungwa: huzuia ule mwanga wa buluu, ambao unaweza kudhuru retina. Mtoto naye akingwe macho.

Haikuanza na buluu. Mwaka 1955 Michael Buonocore, huko Rochester, Marekani, alionyesha kwamba enameli, gamba gumu la nje la jino, ikipakwa tindikali ya fosfori hupata vinyweleo ambavyo plastiki hushika. Vizibo vilivyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 viliivishwa kwa mionzi ya urujuanimno, nanomita 365, ambayo haikupenya kina na ilikuwa hatari kwa macho. Zikafuata taa za halojeni, zenye mwanga wa buluu uliochujwa, lakini sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuwa joto, na balbu ilififia taratibu bila mtu kugundua. Leo taa za LED ndizo zimetawala. Diodi ya buluu iliyomo ndani yake, iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, hutoa takribani mwanga ule ule ambao kamforakwinoni inautaka, na betri ndogo inatosha kuiendesha.

Hata hivyo, taa nzuri haitoshi. Gego la mtoto liko mbali ndani ya mdomo, na ncha ya taa ikisogea nyuma milimita chache tu, au ikiinama upande, nguvu inayofika kwenye resini hupungua. Kizibo cheupe kisichopenyeza mwanga hutaka uangalifu zaidi kuliko kile angavu. Na mate yakigusa enameli iliyokwisha kupakwa tindikali, suuzwa na kukaushwa, ni lazima hatua hiyo irudiwe, maana kizibo kitabanduka hata kikimulikwa vizuri namna gani. Kwa maoni yangu, pamba na mkono uliotulia vina uzito kuliko bei ya taa.

Je, pasipo umeme? Katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ndiko ilikoanzia ART, tiba ya meno inayotumia vifaa vya mkono bila mashine ya kutobolea. Saruji yake, glasi ayonoma, huganda yenyewe unga wake wa kioo ukichanganywa na majimaji ya tindikali. Daktari huikandamiza mferejini kwa kidole. Kwa kawaida haidumu jinoni kama resini, ila huvumilia unyevu na hutoa floraidi. Kwa gego lililochomoza nusu, ambalo ni vigumu kulikausha, madaktari huweka hiyo kwanza, kisha huja na resini na taa ya buluu gego likishatoka lote.