Kazi ya mauzo ya vinywaji Kigoma, watu wanavyoidhania na ilivyo

Mwaka wa sita huu niko kwenye soda na maji hapa Kigoma, nilianza napanga chupa kwenye mafriji ya maduka ya Mwanga na leo nasimamia vijana wanne, na meseji za wanaotaka kuingia haziishi ila wengi wanakuja na picha ambayo siyo.

Eti ni kazi ya waongeaji. Jamani hapana. Mwenye duka kule Ujiji maneno ameshayasikia sana, yeye anataka umhesabie kilichobaki stoo umwambie leo kreti mbili zinakutosha, usichukue tano. Unaingia, shikamoo mama, unainama kwenye friji, za tarehe ya karibu unazivuta mbele mpya zinakaa nyuma, hasa za plastiki, maana gesi inapenya kwenye plastiki taratibu na ikikaa sana mteja anafungua haisikiki hata psss. Ndo kazi yenyewe hiyo.

Eti mzigo ukishashuka kwa wakala umeuza, tageti imetimia. Hii inaumiza watu wengi na mimi iliniumiza. Mwaka wangu wa pili nilimjaza wakala mmoja mwisho wa mwezi, mali kauli, yaani achukue sasa alipe akishauza, kamisheni nikala. Angani sikuangalia. Dagaa huku wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika na hela mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, inakauka, basi mzigo ukalala, yule mzee akashindwa kulipa na mwezi uliofuata hakuchukua hata kreti moja, nikawa kila asubuhi nakaa kwenye benchi lake namsubiri na yeye ananionea huruma. Toka hapo ruti ya Kibirizi na Katonga naipanga kwa kuhesabu siku za mbalamwezi. Hata 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, tulipunguza oda za mwaloni mapema nguvu tukahamishia Kasulu na Kibondo, kule watu walikuwa wanavuna na hela ya maharage ilikuwepo.

Tunakunywa bure? Kwenye gari langu kila chupa inahesabiwa jioni.

Kuhusu digrii, inasaidia, hasa ukifika kwenye umeneja wa kanda ambako unakaa na bajeti. Lakini nimeona waliopanda kutoka kupanga bidhaa, wakauza kwa gari, wakapewa eneo, wakawa wasimamizi, na walichokuwa nacho ni leseni ya udereva, daftari safi la madeni na kujua kutumia kompyuta kidogo.

Na hili la kupangiwa Kigoma kuwa adhabu linaniuma kweli. Mzigo unatoka mbali, ukikosea oda hakuna kukimbilia depo jioni, kwa hiyo unajifunza kukadiria mapema kuliko mwenzako wa Dar. Halafu chupa tupu. Kreti ya soda ina chupa 24 na zote za kioo lazima zirudi, usipozifuatilia mitaani wiki ijayo huna cha kubadilishia, wateja wako wanahamia kwa mwingine.

Kijana aliyeniandikia juzi akiuliza anunue suti gani nimemwambia aje Jumamosi saa moja asubuhi pale Kibirizi, avae viatu vya kutembelea, tutaanza na kukusanya tupu.