Bei ndogo si sarafu rahisi

Pale Kibirizi, Kigoma, kijana anayepakia magunia ya dagaa alinionyesha sarafu zake za kidijitali kwenye simu: "Kaka, Shiba Inu moja haifiki hata senti. Naziweka miaka kumi, zikigonga dola moja nimeula." Jina lenyewe linamtega mwenye njaa!

Wengi huteleza hapo. Bei ya sarafu moja haisemi kitu mpaka uizidishe kwa idadi ya sarafu zote. Shiba Inu zilizo sokoni ni takriban trilioni 589. Kila moja ikifika dola, thamani ya zote italipita pato la mwaka la dunia nzima mara kadhaa. Dogecoin nayo, sarafu nyingine ya kidijitali iliyoanza 2013 kama utani, huongezwa takriban bilioni 5 kila mwaka, bila kikomo. Wewe unatunza, sarafu mpya zinazidi kumwagwa.