Glaida isiyo na mkia: kazi ya mkia imehamia wapi?

Waliotembelea Tsavo au Serengeti huenda wamemwona pungu bila kumjua jina. Ni yule tai mweusi mwenye uso na miguu myekundu, apitaye kwa kasi bila kupiga mabawa, akiyumba kushoto na kulia kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Mkia wake ni mfupi mno hata akiwa angani miguu hutokeza nyuma. Wanasayansi wamemwita Terathopius ecaudatus, na neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake asiye na mkia. Kinachonivutia zaidi ni makinda. Pungu mchanga ana mkia mrefu kuliko wa mzazi wake, na kila anapopukutisha manyoya na kuota mapya, mkia unapungua.

Binadamu nao wameunda glaida, yaani ndege zisizo na injini, ambazo ni bawa tupu. Hazina mkia, na nyingine hazina hata kiwiliwili cha kutajika. Swali ninaloulizwa kila ninapoonyesha picha zake ni lilelile: mbona hazipinduki?

Tuanze na kazi ya mkia. Wengi hudhani ni usukani. Kugeuza ndege ni sehemu tu ya kazi yake. Kubwa zaidi ni kuishika pua. Bawa la kawaida, lenye mgongo uliobinuka, lina tabia ya kujiviringisha kuelekea mbele, pua ikiangalia chini. Mkia ulio mbali nyuma huzuia hilo kwa kujikandamiza chini kidogo. Tena, upepo ukiinua pua ghafla, mkia nao hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi, unanyanyuka, na pua inarudi mahali pake. Ni kazi ileile ya manyoya ya mshale. Kwa kuwa mkia uko mbali, nguvu ndogo inatosha. Aliyewahi kusukuma mkokoteni anajua tofauti ya mikono mirefu na mifupi.

Ukiukata mkia, kazi hiyo haifutiki. Lazima bawa lenyewe liifanye, na mafundi wamepata njia kuu mbili.

Ya kwanza ni kuyarudisha mabawa nyuma, mfano wa herufi V, kisha kuyasokota kidogo ili ukingo wa mbele wa ncha uinamie chini kuliko wa katikati. Ncha hizo, kwa kuwa ziko nyuma ya kitovu cha uzito, zinageuka mkia. Hii ndiyo njia ya ndugu wa familia ya Horten kutoka Bonn, Ujerumani, hasa Walter na Reimar. Glaida yao ya kwanza iliruka mwaka 1933. Mwaka uliofuata waliipeleka kwenye mashindano ya milima ya Rhön, ikapata tuzo ya ubunifu, na kwa kukosa namna ya kuirudisha nyumbani wakaichoma moto hukohuko. (Fundi yeyote aliyelala macho akiunganisha mbao ataelewa uchungu wake.) Hawakukata tamaa. Mwaka 1941 walirusha Horten IV, yenye mabawa ya mita 20 kutoka ncha hadi ncha. Rubani aliegemea kifudifudi, nusu amepiga magoti, ili mwili wake usitokeze sana kwenye hewa. Baada ya vita Reimar alihamia Argentina na kuendelea kuunda ndege huko.

Njia ya pili inaacha mabawa yakiwa yamenyooka kama ubao. Siri yake iko kwenye ukingo wa nyuma, ambao hukunjwa juu kidogo. Likatwe bawa hilo kama mkate, utaona mgongo umebinuka mbele halafu unapindukia juu karibu na mwisho, kama herufi S iliyolazwa. Kipande hicho cha nyuma kinasukumwa chini na hewa, na hivyo kuinua pua. Mfaransa Charles Fauvel aliifanya njia hii ijulikane kwa AV.36, iliyoruka mara ya kwanza mwishoni mwa 1951. Mabawa yake yalikaribia mita 12, lakini kutoka pua hadi nyuma ilikuwa mita 3 na ushee tu. Zaidi ya 100 ziliundwa, nyingine na watu binafsi wakitumia michoro yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo glaida ya bawa tupu iliyofaulu kuliko zote, ingawa za Horten ni nzuri zaidi kwa macho.

Njia zote mbili zina sharti moja: uzito ukae mbele. Kwenye bawa la ubao, kitovu cha uzito hukaa karibu na moja ya tano ya upana, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kikisogea nyuma sentimita chache, glaida inakuwa kama baiskeli unayoiendesha kinyumenyume.

Hapo ndipo gharama zinapoanza. Rubani anatumia elevoni, vipande vya nyuma ya bawa vinavyoinua pua vikisogea pamoja na kulaza ndege vikipishana. Ili kuinua pua ni lazima avipandishe, na kuvipandisha kunalipunguzia bawa nguvu ya kunyanyua, wakati uleule anaoihitaji, kwa mfano anapotua. Na kwa kuwa wenzo ni mfupi, pua hucheza upesi. Glaida inadonoa kama kuku.

Kupinda kona nako kuna visa. Ukitaka kwenda kushoto, bawa la kulia linanyanyua zaidi, lakini pia linakinzana na hewa zaidi, hivyo pua inavutwa kulia. Ndege ya kawaida hurekebisha kwa usukani wa mkiani. Fauvel aliweka mapezi wima juu ya bawa. Horten waliweka vibao nchani vya kuongeza ukinzani upande wa kona, na Reimar akasisitiza pia kwamba mnyanyuo upungue taratibu kuelekea ncha, kwa umbo la kengele. Wazo hilo la kengele lilikuwa limeandikwa na Ludwig Prandtl, mtaalamu Mjerumani wa mwendo wa hewa, mwaka 1933, na miaka 80 baadaye timu ya NASA, shirika la anga la Marekani, chini ya Albion Bowers ililijaribu kwa glaida ndogo zisizo na rubani, zikapinda vizuri bila mkia.

Kwa nini basi mashindano ya glaida hayajajaa mabawa matupu? Jaribio la wanafunzi wa Braunschweig, Ujerumani, linajibu vizuri. Glaida yao SB-13, yenye mabawa ya mita 15 na iliyoundwa kwa nyuzi za kaboni, iliruka mwaka 1988. Ilikuwa ngumu kurusha, na haikuzizidi glaida za kawaida za daraja lake kiasi cha kufidia taabu hiyo. Kinachookolewa kwa kuondoa mkia kinaliwa na bawa linalolazimika kufanya kazi mbili.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, chukua lile boksi jeupe jepesi wanalofungia chipsi, ukate kipande cha sentimita 24 kwa 8. Kirushe hivihivi: kitabingirika hadi chini. Sasa gundisha sarafu katikati ya ukingo wa mbele. Ongeza uzito kidogokidogo mpaka kipande kitulie sawa ukikishikilia kwa ncha za vidole viwili, sentimita moja na nusu kutoka mbele. Kunja ukingo wa nyuma juu milimita mbili au tatu, na ncha mbili za pembeni uzisimamishe kama mapezi. Kisukume taratibu, usikirushe kama jiwe. Kikizama pua, ongeza mkunjo wa nyuma. Kikipanda, kikasita, halafu kikaanguka, punguza mkunjo. Kikizungukia upande mmoja, ukingo wa nyuma wa upande huo umekunjwa juu kuliko mwenzake.